Vifungo vya zamani: namna ya kuvitambua na kujua thamani yake kabla hujaviuza kwa bei ya kutupa

Kama nyumbani kwenu kuna lile kopo la Blue Band au la biskuti ambalo bibi alikuwa anatupia kila kifungo kinachong'oka, au droo ya cherehani ya zamani iliyojaa vikorokoro, ombi langu la kwanza ni moja tu, USIOSHE. Usiloweke kwenye sabuni ya unga, usipake Brasso, usisugue na stilwaya. Wengi wakiona kifungo cha shaba kimefifia wanakisugua mpaka kinametameta wakijua ndo wanakiongezea bei, kumbe vingi vilipakwa dhahabu nyembamba sana juu na hiyo dhahabu ndo wanayoiondoa, na mkusanyaji akishaona mikwaruzo kwenye lensi anashusha bei hapohapo au anakiacha kabisa. Na kama kifungo bado kimeshonwa kwenye sare au koti la zamani usikikate, koti zima likiwa na vifungo vyake vyote linaweza kuwa na thamani kuliko vifungo peke yake, na ukishakata hamna kurudi nyuma.

Watu wanaokusanya vifungo wapo na wapo serious. Marekani kuna National Button Society tangu 1938, Uingereza kuna British Button Society tangu 1976, na hao Wamarekani wanagawa vifungo kwa mwaka 1918, vilivyotengenezwa kabla ya hapo ni kundi moja na vya kuanzia hapo ni kundi lingine. Kwahiyo ukishika kifungo swali la kwanza sio "kizuri au kibaya", swali ni kabla ya 1918 au baada?

Sisi huku tunavipata njia mbili kubwa. Ya kwanza mitumba, maana mabelo yanayofunguliwa Karume, Memorial ya Moshi, Gikomba Nairobi na Owino Kampala yana makoti ya wazee wa Ulaya na Marekani, na mara nyingine koti lenyewe ni la juzi tu ila vifungo vimehamishwa kutoka koti la mama au bibi wa mwenye nalo, yani kifungo kinaweza kuwa na umri mara tatu ya nguo. Ya pili ni vifungo vya sare za enzi za ukoloni, askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza huku kwetu), polisi, reli, posta, ambavyo viko kwenye masanduku ya wazee wetu na vingi vinaishia kwa wanunua vyuma chakavu kwa kilo. Hivi vya pili ndo vinaniuma zaidi na ndo nitavikalia muda mrefu.

Vifaa sio vya gharama. Lensi ya fundi saa, ile inayokuza mara kumi, rula yenye milimita, tochi ya simu, na sumaku, hata ya kwenye spika mbovu inatosha. Na daftari, maana utasahau kipi kilitoka wapi.

Sasa kazi yenyewe. Geuza kifungo, tazama nyuma. Mbele pazuri panadanganya sana, mchoro unaweza kuigwa leo kiwandani, ila nyuma ndo kuna historia. Angalia kwanza kinashonwaje. Kama kina matundu mawili au manne ya kupitisha uzi, au kina kitanzi cha waya nyuma, au hicho kitanzi kimetokana na kifungo chenyewe bila kuungwa. Vifungo vya shaba vya bapa, kipande kimoja kizima bila tumbo, na kitanzi kimechomelewa nyuma, hivyo mara nyingi ni vya miaka ya 1700 na mwanzoni mwa 1800. Vile vyenye tumbo ndani wazi, yani sahani ya mbele imekunjwa ikashika sahani ya nyuma, hivyo ndo mtindo uliotawala sare kuanzia karne ya 19 mpaka leo. Kipitishe kwenye sumaku, shaba haishikwi, kikishikwa ujue kuna chuma ndani au kimepakwa rangi ya shaba tu.

Halafu soma maandishi ya nyuma, kama yapo. Washa tochi ipige kwa ubavu sio moja kwa moja, herufi zilizofutika zitajitokeza kwa kivuli chake, hii inasaidia kuliko kitu kingine chochote. Utakuta jina la kiwanda, mfano Firmin wa London, Gaunt wa Birmingham, Smith & Wright wa Birmingham, au kwa makoti ya Marekani utakuta Scovill au Waterbury, zote za mji wa Waterbury jimbo la Connecticut. Ukiona "Ltd" kwenye jina la kampuni ya Kiingereza basi kifungo hakiwezi kuwa cha kabla ya 1855, maana ndo mwaka sheria ya kampuni za namna hiyo ilipitishwa kule. Ukiona maneno ya kujisifia kama "Treble Gilt" au "Standard Colour" bila jina la kampuni, hapo furahi kidogo, hayo yalikuwa yanapigwa kwenye vifungo vya Uingereza nusu ya kwanza ya karne ya 19. Majina ya nchi nayo ni kalenda, Czechoslovakia haikuwepo kabla ya 1918, West Germany ni kati ya 1949 na 1990, na "Occupied Japan" ni kipindi kile kifupi baada ya vita mpaka 1952. Kama vifungo bado viko kwenye kadi yake ya dukani usivitoe kabisa, kadi nayo inauzwa.

Tuje kwenye taji, hapa nataka uelewe vizuri sababu ndo ufunguo wa vifungo vyote vya sare za Mwingereza huku kwetu. Taji kwenye kifungo halikuwa pambo tu, lilibadilika kufuata mtawala. Kuanzia Edward wa saba aliyeingia 1901 mpaka kifo cha George wa sita 1952 taji lililotumika lina mikono ya juu iliyoviringana kama kuba la msikiti, inapanda na kukutana juu bila kuzama. Elizabeth alipoingia likaja taji jingine, mikono yake inapanda pembeni halafu inazama katikati pale chini ya msalaba, yani juu kuna kibonde. Ukishaliona hilo bonde mara moja hutalisahau. Kwahiyo bila kusoma herufi hata moja unaweza kusema hiki ni cha mfalme, 1901 hadi 1952, au hiki ni cha malkia, 1953 mpaka alipofariki 2022. Tahadhari tu kwamba stoo za serikali hazikutupa vifungo vya zamani siku mfalme alipofariki, vilivaliwa mpaka vikaisha, kwahiyo taji linakuambia mwaka wa kutengenezwa na sio lazima mwaka wa kuvaliwa.

Sasa unganisha taji na alama ya nchi. Tanganyika alama yake ilikuwa kichwa cha twiga, Uganda korongo mwenye taji, Kenya simba aliyesimama. Chukua mfano kifungo chenye twiga na taji lenye bonde. Taji linasema sio kabla ya 1953, na Tanganyika ilipata uhuru Desemba 1961 na kuwa jamhuri Desemba 1962, kwahiyo hicho kifungo kina dirisha la miaka isiyofika kumi. Kile cha twiga na taji la kuba kina dirisha la miaka zaidi ya thelathini, kuanzia Mwingereza alipoita nchi Tanganyika 1920. Kwa mantiki ya kawaida cha dirisha fupi ndo kilitengenezwa kichache, ila kwenye bei sio kila mara inakuwa hivyo maana vya mwisho vingi vilihifadhiwa vizuri, na vya zamani vilichakaa.

KAR yenyewe ilianzishwa 1902 kwa kuunganisha majeshi ya Afrika Mashariki na ya Kati ya Mwingereza, na ilikuwa na batalioni nyingi zenye alama zao, kwahiyo usikariri kwamba kifungo cha KAR kinafanana vyote. Baada ya uhuru ikagawanyika, huku kwetu ikawa Tanganyika Rifles mpaka yale maasi ya Januari 1964 ambapo jeshi lilivunjwa. Kitu chochote halisi chenye jina la Tanganyika Rifles kina miaka miwili na kitu tu ya maisha, kwahiyo ukikuta usikiachie kwa bei ya soda. Reli nayo ni hivyohivyo, herufi zinakupa mwaka, EAR&H (East African Railways and Harbours) ni kuanzia 1948 reli ya Kenya na Uganda ilipounganishwa na ya Tanganyika, na 1969 bandari zikatenganishwa na reli, halafu 1977 Jumuiya ikavunjika na kila nchi ikachukua reli yake.

Vya Mjerumani ni vichache zaidi. Alama ya kutafuta ni taji la Kaiser, yani mfalme wao, ambalo mara nyingi lina riboni mbili zinazoning'inia pembeni, taji la Mwingereza halina riboni. Hivi vinafanyiwa feki sana kwahiyo usinunue kwa haraka. Na tafadhali usiende kuchimba maeneo ya vita vya 1914 hadi 1918 kule Tanga au Taita Taveta kutafuta vifungo, kuna sheria za mambo ya kale na kuna maeneo hata mabomu ya zamani yanaweza kuwepo. Jambo lingine ambalo sio la kuchezea, vifungo vya sare zinazotumika sasa hivi na jeshi au polisi usinunue usiuze usihifadhi, utajikuta unajieleza kituoni.

Kuhusu feki, kuna ujanja mmoja rahisi. Kuanzia miaka ya 1950 jeshi la Uingereza lilianza kutumia vifungo vya alumini iliyopakwa rangi ya dhahabu kwa umeme, ni vyepesi mno mkononi na vinang'aa bila kupigwa Brasso. Ukiletewa chepesi hivyo halafu muuzaji anakuambia ni cha vita ya kwanza, rudisha. Pia angalia kingo za mchoro kwa lensi, kilichopigwa na muhuri wa chuma kina mistari mikali, nywele za simba unazihesabu, ila kilichomiminwa kwenye ukungu uliochukuliwa kwenye kifungo kingine kinakuwa na mistari ya kuyeyukayeyuka na vitundu vidogo vya hewa.

Tuhamie vifungo visivyo vya sare, hapa suala ni kujua vimetengenezwa na nini. Kwanza gusisha shavuni au kwenye meno taratibu. Kioo na ganda la chaza vinakuwa baridi na vinagonga kwa sauti kali, plastiki ina uvuguvugu na sauti butu. Ganda la chaza lina rangi zinazocheza ukilizungusha na nyuma mara nyingi pana ukwaru au rangi ya kahawia ya gamba la nje. Vingi vya shati utakavyokuta kwenye nguo za zamani za Marekani ni ganda la kome wa mtoni, mji wa Muscatine jimbo la Iowa ulikuwa unatoa vifungo bilioni 1.5 mwaka 1905, vilivyotobolewa kwenye makombe ya mto Mississippi. Ukiipata idadi hiyo unaelewa kwanini vifungo vyeupe vya shati vya chaza, japo vizuri na vya kale, vinauzwa bakuli zima kwa dola chache. Chaza la bahari lililochongwa picha kwa mkono, kubwa, hilo ni habari nyingine.

Vyeusi vya kung'aa wengi wataviita makaa ya thamani (jet kwa Kiingereza), yale mawe meusi ya msiba wa malkia Victoria ambaye mumewe alifariki 1861 na yeye akavaa nyeusi maisha yake yote. Karibu vyote ni kioo cheusi. Jiwe lenyewe ni jepesi na halina ubaridi, kioo ni kizito na kibaridi. Kioo cheusi bado kina soko hasa kikiwa na picha, ila usiuziwe kama jiwe.

Mfupa una vidoa na vimistari vidogo vya kahawia, ni njia za damu za mnyama, lensi inavionyesha wazi. Pembe ya ng'ombe ukiimulika na tochi kwa nyuma inapitisha mwanga kwa matabaka. Vile vinavyoitwa pembe za mimea ni mbegu ngumu ya mnazi fulani wa Amerika ya Kusini, na mbegu za mkoma kutoka Eritrea nazo zilitumika, hivi rangi imeingia juu tu kwahiyo ukitazama ndani ya matundu ya uzi utaona pamebaki peupe au njano ya maziwa. Pembe ya ndovu ina mistari inayokatana kama wavu, na ukiiona hiyo simama hapohapo. Biashara yake ya kimataifa ilifungwa na uamuzi wa 1989 wa CITES, ule mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, sheria za Tanzania na Kenya ni kali mno, na umri wa kifungo haukuokoi airport. Gamba la ng'amba hivyohivyo, lile la madoa ya asali na kahawia.

Plastiki za mwanzo ndo zinachanganya watu wengi, wanaziona za bei rahisi kumbe baadhi zinatafutwa kuliko shaba. Sugua kifungo kwa kidole gumba kwa nguvu mpaka kipate joto, kisha nusa haraka. Kikinuka kafuri, ile ya msibani, ni seluloidi, ya kuanzia miaka ya 1870. Kikinuka dawa kali kama ya hospitali za zamani ni bakelaiti, ambayo Leo Baekeland aliitangaza 1909. Kikinuka kama maziwa yaliyoungua ni plastiki iliyotengenezwa kwa protini ya maziwa. Kuna watu wanafundisha kuchoma na sindano ya moto, mimi napinga kabisa, unaacha tundu kwenye kifungo na seluloidi inashika moto kwa kasi ya kutisha, unaweza kuungua.

Sasa bei. Kinachoamua ni vitu vinne vitano vikishirikiana, uchache, hali, ukubwa, picha iliyopo mbele na kama kuna watu wanaokitaka leo. Umri peke yake haufanyi kazi, kuna vifungo vya shaba tupu vya miaka 200 vinauzwa bei ya chai na chapati. Picha zinapandisha bei, wanyama, hadithi, vyombo vya usafiri, sura za watu. Ukubwa nao, Wamarekani wanaita kikubwa kinachozidi inchi moja na robo, yani kama milimita 32, na vikubwa vya kale ni vichache kuliko vidogo. Vya kauri vilivyochorwa kwa mkono Japani, vile vya Satsuma, na vya enameli vya Ufaransa vinafika makumi ya dola na vizuri sana vinapita mia. Kilele ni vile vya kuapishwa kwa George Washington 1789, hivyo ni maelfu ya dola, na kwa sababu hiyo vimeigwa mno. Kwa upande wetu kifungo kimoja cha kawaida cha sare ya Mwingereza cha karne ya 20 kwa kawaida ni pauni chache tu. Vifungo vya nembo za mitindo kama Chanel vinauzwa pia kimoja kimoja, ila feki ni nyingi, kama hakikutoka kwenye nguo halisi mbele ya macho yako usiweke hela kubwa.

Ukitaka bei ya kweli ingia eBay, tafuta kifungo kinachofanana, halafu chuja uone vilivyokwisha kuuzwa na sio vinavyouzwa. Muuzaji anaweza kuandika dola 300 na kikakaa miaka, bei ni ile mtu aliyolipa. Linganisha hali kwa hali, kitanzi kikiwa kimekatika au kimeunganishwa upya toa zaidi ya nusu. Vifungo vya seti visitenganishwe, sita vinavyolingana vina mnunuzi ambaye hataki vitatu.

Kuna kitu kinaongeza thamani ya vifungo vya sare kuliko usafi wowote, ni maelezo ya mwenyewe. Kama babu alikwenda Bama (Burma) na KAR kwenye vita ya pili, kaa naye au na waliobaki, andika jina lake, namba yake ya jeshi kama ipo kwenye cheti, alihudumu wapi, weka na picha akiwa amevaa sare hiyohiyo. Kifungo kilekile ambacho peke yake ni cha pauni mbili tatu, kikiwa na cheti na picha kinakuwa kumbukumbu ya mtu, na hapo hata ukiamua kutouza na kukipeleka makumbusho watakipokea kwa heshima. Mimi ningependa familia ziandike haya kwanza kabla ya kuwaza bei, maana wazee wanaondoka na herufi za kifungo haziwezi kusema kilikuwa cha nani.

Kupiga picha tumia mwanga wa dirishani, mbele na nyuma, weka rula au sarafu ya shilingi mia pembeni. Usafi wa lazima ni brashi laini kavu ya mswaki wa mtoto, chaza unaweza kufuta na kitambaa chenye unyevu kidogo ukakausha hapohapo, ila usiguse na siki wala ndimu, asidi inakula ganda.

Kuhifadhi kwa sisi wa Pwani ni vita na unyevu. Weka kwenye boksi lenye hewa, tupia vile vipaketi vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uvibadilishe. Metali weka mbali na plastiki. Seluloidi usifungie kwenye mfuko wa nailoni wala kopo lililobana, ikianza kuoza inatoa gesi ya asidi inayokula metali na kuambukiza seluloidi nyingine, kwahiyo ikiwa kuna kifungo kimeanza kunata, kupasuka vimistari au kutoa harufu kali, kitoe leo kikae peke yake, na kague vya jirani yake kila mwezi.